Mkonga Ulipozama Topeni, Babu Akaenda kwa Miguu ya Wajukuu

Leo tuache kidogo habari za madisko, mitindo ya nywele na nani kamwacha nani. Vua hiyo raba yako nyeupe, kunja suruali mpaka magotini, nikupeleke kwetu Moshi. Nakutahadharisha mapema lakini: hatuendi kupiga picha na mlima. Tunaenda kwenye tope.

Ukimwambia mtu wa Dar kwamba kwenu ni Kilimanjaro, swali la kwanza ni theluji. Kuna sistaduu mmoja wa Sinza aliwahi kuniuliza, tena kwa uso mkavu kabisa, eti magari ya kwetu yanafungwa minyororo kwenye matairi kama anavyoona kwenye sinema? Nikamwambia, dada yangu, theluji iko kule juu Kibo, kilele chake mita 5,895, na basi la kwenda huko halipo. Hata hiyo barafu yenyewe inatuaga, maana tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshapotea. Magari yanayopanda juu sana ni yale ya upande wa magharibi, yanayoingilia Londorossi kwenda uwanda wa Shira, na hayo ni mambo ya watalii na ya kufuata waliozidiwa mlimani. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ile mwaka 1848 akawaandikia wenzake Ulaya, kuna mabingwa wa jiografia wa London walimbishia kwamba haiwezekani, theluji Afrika, karibu na ikweta! Masikini Rebmann. Angewaandikia habari za utelezi wetu wa Aprili nadhani wangemwita mwongo mara mbili.

Kwa sababu adui wa gari kwetu si mweupe, ni mwekundu. Udongo wa miteremko ile umetokana na volkano. Wakati wa kiangazi ni vumbi linalokupaka hanjamu mpaka kwenye nyusi. Masika ikiingia, kuanzia Machi mpaka Mei, unageuka sabuni. Mjini Moshi unaweza ukawa unatembea na miwani ya jua, ukapanda kilomita chache tu kuelekea msituni ukakuta mvua inamwagika kama imelipwa. Njia za kuingia vihambani ni nyembamba, huku mgomba, huku mfereji, huku ukingo, na zote zinapanda. Ukikwama hapo umekwama kwelikweli, maana hata wa kukuvuta hana pa kupita.

Basi bwana, sasa tuingie kwenye kisa chenyewe.

Ilikuwa Aprili 2024, ule mwaka wa mvua za El Nino zilizotesa nchi nzima. Babu yangu mzaa baba alifariki Dar alikokuwa amekwenda kutibiwa. Mchagga, unajua tena, anaweza kuishi Dar, Mwanza, hata Ulaya, lakini akifa atalala kihambani kwake, chini ya migomba yake. Tukasafiri naye usiku kucha. Kesho yake asubuhi msafara ukatoka Moshi mjini, ukapita Kiboriloni na kuanza kupanda Old Moshi. Kwenye kona ya kuingia kwetu, ambako lami inakuwa hadithi, Coaster ya waombolezaji ikaegeshwa, watu wakaambiwa wamalizie kwa miguu. Jeneza lilikuwa kwenye Land Cruiser, ile ndefu yenye bomba la kuvutia hewa limesimama pembeni ya kioo, ambayo watu wanaiita mkonga. Ilikuwa imekodiwa makusudi kwa ajili ya ule mlima. Mazishi saa 8 mchana. Saa 5 na nusu sisi tulikuwa tumebakiza kama kilomita moja na nusu. Muda tele!

Dereva simtaji. Alikuwa kaka wa mjini, miwani myeusi, mdomoni kijiti. Mjomba alipomshauri kwamba tushuke kwanza tuiangalie njia, alicheka. "Mjomba, hii ni mkonga. Hii inapita hata ziwani." Mimi nilikuwa nimekaa mbele, kidato cha nne nimemaliza na cheti ninacho, lakini magari nayajua kwa kuyapanda tu, kwa hiyo nikamwamini. Nikajiona hata mimi niko kwenye sinema.

Hatukufika mita mia mbili. Gari likayumba, tairi la nyuma upande wa kulia likaingia kwenye shimo lililochimbwa na maji, likabaki linazunguka. Jamaa akavuta kigingi cha foo-wili, akakanyaga mafuta. Likanguruma! Tope likaruka mpaka kwenye majani ya migomba. Akakanyaga zaidi. Vijana tukaruka chini tukasukuma, mmoja wetu akapigwa na tope usoni mpaka akawa kama sanamu. Dereva anapiga resi, sisi tunapiga kelele, na kila resi moja gari linashuka. Likashuka, likashuka, mpaka likalalia tumbo, difu imezama kwenye udongo, matairi yanazunguka bila kugusa kitu cha maana. Ukitaka kulizika gari lako mwenyewe, msomaji, hiyo ndiyo njia ya mkato.

Halafu tukaongeza ujinga juu ya ujinga. Binamu yangu mmoja wa Tabata akachomoa panga, akaangusha migomba miwili iliyokuwa kando ya njia, tukaikatakata na kuilaza chini ya matairi. Wewe uliyezaliwa mjini unaweza kudhani ni akili. Shina la mgomba ni maji matupu. Tairi lilipoligusa lilitema maji na ute, likateleza kama vile tumemwaga mafuta ya kula. Na palepale mwenye migomba akatokea.

Alikuwa bibi mmoja wa makamo ya babu yangu, kanga mbili, miguu peku, jembe begani. Hakupiga kelele. Aliitazama ile migomba, mmoja ulikuwa na mkungu ambao bado ungehitaji kama mwezi hivi, akatutazama sisi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni watoto wa nani nyie?" Hakuna aliyejibu. Wote tukaangalia viatu, na viatu vyenyewe havikuwa vinaonekana.

Aliyetuokoa ni mzee aliyekuja nyuma yake na fimbo. Baadaye niliambiwa kwamba ujana wake aliumalizia kwenye usukani wa malori, akisomba kahawa kuishusha Moshi, enzi zile ambazo kahawa ya ushirika wa KNCU ndiyo iliyosomesha watoto wa mlimani. Tukamwamkia shikamoo kwa pamoja kama wanafunzi. Akaitikia, akaenda moja kwa moja dirishani kwa dereva, akasema maneno mawili tu.

"Zima gari."

Kimya kikashuka. Ndipo nikasikia mvua, ndipo nikasikia na shangazi zangu wakiimba kwa mbali huko juu, wanatusubiri. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia injini peke yake.

Mzee akazunguka gari polepole. Akachuchumaa kwenye tairi la mbele, akafuta tope kwa kidole katikati ya gurudumu. Pale kwenye Land Cruiser nyingi za aina ile kuna kidude cha duara cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa FREE na LOCK. Kikiwa FREE, hata uvute kigingi cha foo-wili mpaka king'oke, magurudumu ya mbele hayapati nguvu. Lazima ushuke chini, ukizungushe kwenda LOCK, kushoto na kulia, ndipo upande. Vyote viwili vilikuwa FREE.

"Kijana," mzee akamwambia dereva, "gari lako lina miguu minne, unatembelea miwili."

Na hata hiyo miwili haikuwa miwili. Mzee alitueleza huku akichora kwa fimbo kwenye tope, na mimi nakusimulia kama nilivyoelewa. Difu ya kawaida ina tabia ya uvivu. Kazi yake ni kuyaachia matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti gari linapokata kona. Sasa tairi moja likiwa hewani au kwenye ute, na lingine limeshika ardhi ngumu, difu inamtafuta mwenye kazi rahisi. Linalozunguka bure ndilo linalozungushwa, linaloshika linakaa tu limetulia. Ndiyo maana unaona gari la mamilioni limekwama kwa tairi moja. Yapo magari yenye kifaa cha kuifunga difu ili matairi yote mawili yalazimike kwenda pamoja. La kwetu halikuwa nacho.

Baadaye jioni, picha za mkonga wetu ziliporushwa kwenye kundi la ukoo simuni, ndugu yetu mmoja aliyeko Minnesota, Marekani, alituma ujumbe wa sauti anacheka mpaka anakohoa. Kule kwao ndiko kwenye hiyo theluji ya sinema. Baridi yake ya kwanza alizamisha gari kwenye maegesho ya nyumba aliyopanga, akafanya kilekile alichofanya dereva wetu: kukanyaga. Tairi likiisugua theluji inayeyuka kidogo, kisha inaganda na kuwa kioo, na hapo huendi popote. Jirani yake alitoka na koleo na mfuko wa mchanga, akafukua mbele na nyuma ya matairi, akamwaga mchanga, akamwambia aende mbele kidogo na nyuma kidogo, taratibu, mpaka gari likajitengenezea njia. Kingine alichomwambia huyo jirani ni hiki, na nakipitisha kwako maana siku hizi vijana wetu wengi wanazamia huko: ukikwama kwenye theluji na injini inawaka, hakikisha bomba la moshi halijafukiwa. Moshi ukikosa pa kutokea unaingia ndani, na ile gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Watu wamelala na kupasha joto wakafa hivyo hivyo, vioo vimefungwa, redio inaimba.

Turudi Old Moshi. Saa ilikuwa imefika 6 na dakika zake. Mzee akasema kitu ambacho sote tulikuwa tunakijua na hakuna aliyethubutu kukitamka.

"Gari haliwezi kutoka na mzigo. Mshusheni marehemu."

We! Shangazi mmoja aliyekuwa amerudi kutuangalia akapiga kelele, baba yake hawezi kushushwa njiani kama gunia. Mjomba akasema tusubiri, atapiga simu litafutwe trekta. Trekta kutoka wapi, na lipite wapi? Mzee hakubishana nao. Alivua kofia, akasogea kwenye mlango wa nyuma, akaweka mkono juu ya jeneza, akasema kwa Kichaga maneno machache. Halafu akatugeukia sisi vijana kwa Kiswahili. "Huyu mmemjua mkiwa na magari. Mimi nimepanda naye njia hii kwa miguu tangu tunakwenda shule. Mnadhani ataona aibu?"

Shangazi akakaa chini kwenye jiwe, akalia. Kisha akainuka mwenyewe, akavua kanga yake ya juu, akaitandika juu ya jeneza.

Wajukuu sita wakambeba babu begani, sita wengine nyuma yao wa kupokezana. Wanawake walikuwa wameshaanza kushuka kutupokea, wakageuka, wimbo ukaenda mbele na jeneza likafuata. Bibi mwenye migomba naye akaweka jembe lake chini, akafuata. Waliteleza, nakwambia. Mara tatu niliona jeneza linainama upande na moyo wangu unainama nalo, lakini halikuanguka. Likakata kona kwenye mti wa mgrevilea, sikuliona tena.

Mimi sikuwa miongoni mwa waliobeba. Mjomba alinishika bega: "Wewe baki na gari, mzee anahitaji mikono." Nikabaki na dereva na vijana watatu wa palepale. Nilinuna. Babu aliyenilea mpaka darasa la tano anakwenda kuzikwa na mimi nimebaki kuchimba tope! Lakini kwa mjomba hubishi, basi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza hatukuligusa gari. Tulichimba mfereji mdogo kutoka kwenye lile shimo kwenda mferejini ili maji yatoke, maana kuchimba ndani ya maji ni kukoroga uji. Halafu tukafukua nyuma ya kila tairi. Nyuma, si mbele. Dereva alitaka mbele, mzee akamkatalia: nyuma yetu ndiko tulikotoka, udongo wake tumeujua, tena ni mteremko, gari litajisaidia lenyewe. Huko mbele tunakutamani tu. Tukafukua na chini ya difu kwa mikono, tumelala kifudifudi, na mzee amesimama na fimbo yake anahakikisha injini imezimwa na mawe makubwa yamekaa nyuma ya matairi mengine. Hakuruhusu mtu kuingiza kichwa chini ya gari wakati liko juu ya jeki. "Jeki kwenye tope ni mlevi," alisema, "anasimama mpaka anapoamua kulala."

Jeki tuliiwekea ubao mpana chini, kwa sababu bila ubao inazama yenyewe na kuliacha gari palepale. Tukainua tairi lililozama, tukajaza mawe kwenye shimo, juu ya mawe matawi makavu ya mikahawa yaliyokuwa yamepogolewa, juu yake magunia. Hapo ndipo nilipoelewa tofauti na mgomba: kitu kikavu, chenye mikwaruzo, chenye kuuma. Halafu tukapunguza upepo kwenye matairi yote manne mpaka yakatoa vitambi. Tairi lenye kitambi linakanyaga ardhi kubwa zaidi, halichimbi haraka. Ila ukifika kwenye lami usikimbie, jaza kwanza, vinginevyo litavuka kwenye rimu au lichemke.

Mwisho kamba. Tuliifunga kwenye ndoano ya chesisi mbele, tukaizungusha mara mbili kwenye shina la mgrevilea, vijana wawili wakaishika ili gari lisije likaporomoka kwa pupa. Mzee akatandika gunia lililolowa juu ya kamba. Nikamuuliza la nini. Akasema kamba ikikatika inarudi kama nyoka, gunia linaipunguzia hasira, na bado nyie kaeni pembeni, kamwe msiisimamie kwenye mstari wake.

Vidude vya mbele vikazungushwa, LOCK, kushoto na kulia. Kigingi kwenye foo-wili ya nguvu, ile ya polepole. Mawe ya nyuma yakaondolewa. "Sasa," mzee akamwambia dereva, "rivasi, na mguu wa kulia uusahau nyumbani." Dereva akaachia klachi kidogo kidogo. Injini ilikuwa inaongea tu, hainguruma. Gari likasogea kama nusu mita, likasita, likarudi shimoni. Tukaongeza mawe. Mara ya pili likapanda juu ya magunia, likatetemeka, likatoka! Likarudi nyuma taratibu kwa nyayo zake lenyewe, tunalegeza kamba kidogo kidogo, mpaka penye changarawe. Mnadhani tulishangilia? Hakuna. Vijana walikaa chini. Dereva aliegemea usukani, miwani yake sijui ilipotelea wapi.

Saa 9 kasoro.

Nilikimbia. Nilianguka mara mbili, raba moja ikabaki topeni, sikurudi kuifuata. Nilipofika kihambani walikuwa wameshaomba, wameshashusha, wanafukia. Mjomba aliniona, akawasimamisha wenye makoleo. Akanisogezea udongo niweke. Sikuhitaji kuinama, nilikuwa nao tayari mikononi, kwenye kucha, mpaka kwenye viwiko. Nikaukung'uta huo huo.

Suala la migomba lilimalizwa kesho yake asubuhi. Mjomba alichuma jani la sale, lile linaloota mipakani mwa vihamba, akalifunga fundo. Kwa Wachagga jani hilo ukimpelekea mtu uliyemkosea ni vigumu kukukatalia msamaha. Binamu wa Tabata ndiye aliyelibeba kwa mikono miwili, pamoja na mkungu wa ndizi na debe la mbege. Bibi akalipokea, akamuuliza tena lile swali la jana, ni mtoto wa nani. Safari hii alijibu, jina la babu kwanza. Bibi akamwambia aingie ndani, anywe chai.

Mchana tukashuka mjini na mkonga. Mvua ilikuwa imekata, na Kibo kule juu imejifunua nyeupe peee, watalii mahali fulani bila shaka wanapiga picha. Kwenye kona pale lami inapoanzia dereva alisimamisha gari bila kuambiwa na mtu. Akashuka, akafuta tope, akazungusha vidude vya mbele kurudi FREE, kushoto, halafu kulia. Akapima upepo wa matairi kwa kuyapiga teke. Akapanda tukaondoka. Mpaka Kiboriloni hakuwasha redio.